"Nchi ya duka" kwenye akaunti ya Kindle ni kitu gani?

Binamu yangu alirudi Dar baada ya kukaa Uingereza miaka sita. Jioni moja tuko barazani Sinza, akanigeuzia kioo cha Kindle yake, kile kifaa cha kampuni ya Amazon cha kununulia na kusomea vitabu vya kielektroniki: "Huu mwezi wa nne niko Bongo. Kwa nini bado inanipa bei kwa pauni?"

Jibu ni kwamba duka la vitabu la Kindle haliangalii ulipokaa. Linaangalia nchi iliyoandikwa kwenye akaunti yako, na hiyo ndiyo inayoitwa nchi ya duka. Haifuati laini ya simu, haifuati Wi-Fi, wala haihusiani na lugha uliyochagua kwenye menyu. Ukikipeleka kifaa Bagamoyo au Berlin, wewe bado ni mteja wa kule ulikojiandikisha, mpaka ubadilishe mwenyewe.

Chanzo chake ni haki za uchapishaji. Ni kama haki za kuonyesha mpira: mechi ni moja, ila kila nchi ina kituo chake kilichoinunua. Kitabu cha Kiingereza mara nyingi huuzwa haki zake vipande vipande. Mchapishaji mmoja anachukua Marekani na Kanada, mwingine Uingereza pamoja na nchi nyingi za Jumuiya ya Madola. Ndiyo maana kwa wauza vitabu vya mtumba unaweza kukuta kitabu kilekile kina majalada mawili tofauti. Cha karatasi husafiri ndani ya begi, hakuna anayekiuliza. Cha kielektroniki huulizwa nchi kabla hakijauzwa.

Hapa ndipo wengi huchanganya. Amazon haina duka la Kindle la Tanzania, kwa hiyo ukiweka Tanzania unahudumiwa na Amazon.com, lile la Marekani, kwa bei za dola. Lakini kuingia duka la Marekani si kuona rafu zote anazoziona Mmarekani. Akaunti yako bado inasema Tanzania, na kitabu ambacho mchapishaji wake hana haki ya kukiuza huku utaambiwa hakipatikani nchini kwako. Duka ni kitu kimoja, nchi ni kingine.

Kubadili kwenyewe si kazi. Fungua akaunti kwenye kivinjari cha simu au kompyuta, nenda sehemu ya kusimamia maudhui na vifaa, kisha mapendeleo, utaona mipangilio ya nchi. Itakutaka anwani: mtaa, namba ya nyumba, mji, postikodi. Kisha hakikisha kadi ya kulipia nayo ina anwani sahihi, maana wengi hubadili nchi wakaiacha kadi na anwani ya zamani.

Wapo wanaoandika anwani ya shangazi aliyeko Ohio ili wafunguliwe rafu zaidi. Mimi simshauri mtu. Hiyo ni kukiuka masharti uliyoyakubali, na unaweza kutakiwa uthibitishe unakoishi.

Vitabu ulivyokwisha kununua vinabaki maktabani mwako. Huduma za kulipia kwa mwezi ni habari nyingine. Kindle Unlimited, kwa mfano, haitolewi kwa akaunti za Tanzania. Ila kinachouma zaidi ni salio la kadi ya zawadi. Linakaa kwenye duka lilikowekwa, halihamishiki wala haligeuzwi kuwa dola. Lililowekwa duka la Uingereza litatumika hukohuko.

Binamu alikuwa na pauni 11 zimelala tangu Krismasi. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kubadili nchi nilipomshika mkono. Akarudi dukani, akachagua vitabu viwili huku akilalamika kwamba kimoja hakuwa na haja nacho, zikabaki peni 40. Ndipo akaandika Sinza.