Mchanga wa Jangwani unatoka wapi?

Masika yakikolea, barabara ya Morogoro pale Jangwani, bonde la Mto Msimbazi katikati ya Dar es Salaam, hufungwa. Mabasi ya mwendokasi ya Kimara yanaishia Magomeni, abiria wa Kariakoo na Posta wanashuka kutafuta namna, na mitandaoni watu wanauliza nani aliyeona ni busara kuweka karakana ya mabasi bondeni. Swali la haki kabisa. Karakana hiyo ya awamu ya kwanza, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016, iko kwenye uwanda ambao Mto Msimbazi huumwagia maji yake tangu kabla jiji halijakuwepo. Ila kazi yangu mimi ni maji na tope, na ninachouliza ni kingine: mchanga unaojaa chini ya daraja pale unatoka wapi?

Mto wenyewe si mrefu, kama kilomita 35 hivi. Unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, unashuka kwa Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, unafika Jangwani, kisha unaingia baharini pale kwenye daraja la Selander. Huko juu kuna mteremko. Jangwani ardhi ni bapa, na maji yaliyokosa mteremko hayana nguvu ya kubeba mchanga, yanautua hapo hapo. Bahari nayo inaongeza yake. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mto unakosa pa kutokea. Mchanga unazidi kutua, kitanda cha mto kinapanda, uwazi chini ya daraja unapungua. Ndiyo maana mvua ambayo zamani ingepita bila habari sasa inafunga barabara ya Morogoro. Mitambo inaletwa kuzoa, wakubwa wanapiga picha, na masika yanayofuata tuko pale pale.

Sasa tupande juu. Msitu ukiwepo, mvua hupokelewa na majani, huzama kwenye ardhi laini, na mto hupata maji yake polepole. Kilima kikiwa kitupu, maji huteleza juu ya udongo na kuondoka nao. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa miaka mingi kwa kuni, makaa, mashamba na viwanja. Niseme jambo ambalo wenzangu wa misitu hawapendi kulisikia: makaa mengi yanayochomwa Dar leo hayatoki Pugu, yanatoka mikoani, kwa sababu miti ya karibu ilikwisha kwanza. Na si Pugu peke yake inayoleta mchanga. Kingo za mto zinachimbwa kwa ajili ya matofali, na vitongoji vipya vya juu vina barabara za udongo ambazo kila mvua huzigeuza makorongo.

Ndipo suala la jiko linapoingia: miti ikipandwa tena Pugu, haitadumu kama jiji bado linapikia makaa. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mitungi ya gesi inagawiwa kwenye mikutano, vizuri. Lakini mama anayenunua makaa kwa kopo, kulingana na alichopata siku hiyo, hawezi kukusanya fedha ya kujaza mtungi kwa mkupuo. Umeme ungemfaa, maana Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, inanunuliwa kidogo kidogo, na jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa umeme mdogo. Kasoro iko kwenye bei: mtumiaji mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, akizidi hapo bei inaruka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo anayeacha makaa na kupikia umeme ndiye anayesogea kwenye bei ya juu. Sijawahi kusikia mtetezi wa misitu akilizungumzia hili, na wa umeme hana habari na Jangwani.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa bonde la Msimbazi. Mpango una daraja jipya refu na la juu zaidi, karakana kuhamishwa, na uwanda wa chini kuachwa uwe bustani ya kupokea mafuriko. Hilo la mwisho ndilo ninalolishabikia kuliko yote, kwa sababu ardhi oevu iliyoachiwa nafasi hupunguza kasi ya maji bila mtambo. Mikoko ya Selander nayo iachwe isimame. Watu wa bondeni walipwe vya kutosha kupata kiwanja mahali panapofikika kwa basi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40, waathirika walipelekwa Mabwepande, mbali na kazi zao, na wapo waliorudi.

Kwenye mikutano ya maoni watu huulizia urefu wa daraja. Mimi ningewaomba waulizie fungu la matengenezo: kiasi gani kitakwenda kuzoa mchanga Jangwani kila mwaka, na kiasi gani kitakwenda Kisarawe na Kinyerezi kupanda miti, kujenga mifereji na kudhibiti uchimbaji, ili huo mchanga usishuke. Kama kiasi hicho cha pili ni sifuri, daraja hilo nalo litajaa.