dB na dBm: herufi moja inayowapoteza mafundi wa faiba

Mazungumzo haya husikika kila siku kati ya fundi wa faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba mwanga wa intaneti, aliye kwa mteja na mwenzake aliye kituoni. "Unapokea ngapi?" "Hasi ishirini na sita dB." "Na upotevu wa laini?" "Ndiyo huo huo, ishirini na sita." Hapo namba moja imebebeshwa maana mbili. Atakayetumwa kesho kurekebisha laini hiyo hatajua kama mwanga umepotea njiani au ulitoka dhaifu tangu mwanzo.

Maana yenyewe ni fupi. dB, yaani desibeli, ni ulinganisho wa nguvu mbili: gawanya moja kwa nyingine, tafuta logarithimu yake, zidisha kwa 10. dBm ni nguvu halisi iliyopo mahali fulani, ikilinganishwa na miliwati 1. Kwa hiyo 0 dBm ni miliwati 1 kamili, −10 dBm ni sehemu moja ya kumi ya miliwati, −20 dBm ni maikrowati 10, na −30 dBm ni maikrowati 1. Alama ya hasi haimaanishi hitilafu wala upotevu. Inasema tu kwamba nguvu iko chini ya miliwati 1, na kwenye faiba hilo ni jambo la kawaida.

Kizuri ni kwamba jina lenyewe linaeleza yote. Wahandisi wa simu wa Marekani walikuwa wakipima upotevu kwa "maili za kebo sanifu": sauti ikidhoofika kama ambavyo ingedhoofika kwenye maili 10 za kebo hiyo, upotevu ni maili 10. Tatizo ni kwamba kebo ile ilipoteza kiasi tofauti kwa kila masafa (frikwensi) ya sauti. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Bell ikaanzisha kizio kisichotegemea kebo yoyote, na mwaka 1928 kizio hicho kikapewa jina la desibeli, yaani sehemu ya kumi ya beli, kwa heshima ya Alexander Graham Bell. Ndiyo maana B huandikwa kubwa, kwa kuwa ni jina la mtu, na d huwa ndogo. Tangu siku ya kwanza, basi, desibeli ilizaliwa kupima tofauti kati ya mwanzo wa waya na mwisho wake. Haijawahi kuwa kipimo cha kitu kilichopo mahali pamoja. Ukitaka iseme kiasi kilichopo, lazima uitajie inalinganishwa na nini, na hiyo ndiyo kazi ya m: miliwati. Ukiidondosha m, umeufuta msingi wa kipimo.

Hesabu zake nazo zinalinda tofauti hiyo. dBm ukitoa dBm unapata dB. dBm ukitoa dB unapata dBm. Lakini dBm kujumlishwa na dBm, kama namba za kawaida, hakuna maana: mianga miwili ya 0 dBm ikikutana inatoa 3 dBm, si 0. Hata wastani hauchukuliwi hivyo. Wastani wa −10 dBm na −20 dBm si −15, ni takriban −12.6 dBm.

Chukua laini ya GPON, mtandao ambao faiba moja ya kituoni hugawiwa wateja wengi. OLT, kifaa cha kituoni kinachotuma mwanga, inatoa +3 dBm. Hadi kwenye splita, kigawanya mwanga, kuna kilomita 6 za faiba, kwa 0.25 dB kila kilomita: 1.5 dB. Konekta mbili kwa 0.5 dB: 1 dB. Maungio matatu ya kuchomelea kwa 0.1 dB: 0.3 dB. Mwanga unaingia kwenye splita ukiwa +0.2 dBm. Splita ya 1:32 inakula karibu 17 dB, nayo haina kosa. Kugawa mwanga mara 32 ndiyo kazi yake. Unatoka −16.8 dBm. Baada yake kuna kilomita 2, konekta mbili na maungio mawili, jumla 1.7 dB, na kwa mteja unatarajiwa −18.5 dBm.

Mita ya kwa mteja inaonyesha −26 dBm. Namba hiyo peke yake husema tu kwamba kifaa kimebakiza 1 dB kabla ya kikomo cha chini cha −27 dBm cha ONT (kifaa cha kwa mteja kinachopokea mwanga) ya daraja B+, moja ya madaraja ya nguvu ya GPON. Kinachomtuma fundi kazini ni tofauti na ile −18.5 iliyotarajiwa: 7.5 dB zisizo na maelezo. Sasa nenda kwenye splita, pima tundu la kutokea ambalo halina mteja, maana ukichomoa la kuingilia utawazimia wote 32. Ukikuta −17 dBm, upande wa kituoni ni mzima. Kati ya splita na mteja zimepotea 9 dB badala ya 1.7, na tatizo limo humo.

Sababu za kawaida ni tatu. Ya kwanza ni uchafu kwenye konekta: ikague kwa darubini yake, isafishe kikavu, na ikibaki na doa tumia alkoholi ya isopropili kisha ikaushe. Ya pili ni konekta ya kijani, APC, iliyokatwa mshazari kwa digrii 8, kuingizwa kwenye tundu la bluu la UPC, lisilo na mshazari huo. Nyuso zake hazikutani, na desibeli kadhaa hupotea hapo hapo. Ya tatu ni kebo iliyokunjwa mno. Hii hujitambulisha yenyewe: pima kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1310, kisha 1550, na upotevu wa 1550 ukiwa mkubwa kwa wazi kuliko wa 1310, kuna mkunjo. Jicho lisitumike kuchungulia ncha ya faiba. Mwanga huo hauonekani, lakini unaweza kuumiza.

Jihadhari na kitufe kimoja kwenye pawa mita. Nyingi zina kitufe kinachobadilisha kioo kutoka dBm kwenda dB, na ukikigusa bila kujua, mita inaanza kulinganisha na rejea iliyohifadhiwa siku nyingine. Utasoma −7.2 ukidhani mwanga umezidi kikomo cha juu cha ONT, −8 dBm, ukaenda kutafuta atenyueta (kipunguza mwanga) bure. Soma kizio kabla ya namba, na uhakikishe mita imewekwa nanomita 1490, urefu wa wimbi wa mwanga unaotoka OLT. Atenyueta yenyewe huuzwa kwa dB, mfano 5 dB. Ya "5 dBm" haipo, kwa sababu kifaa hicho hakitoi mwanga, kinapunguza tu ule kilioupokea.

Kwa hiyo mwenzako akikuuliza kwa simu, mjibu: "Napokea hasi ishirini na sita dBm, na kutoka OLT hadi hapa zimepotea ishirini na tisa dB." Akikujibu kwamba ni kitu kimoja, mwombe kwa upole atoe −26 kwenye +3.