Nanotyubu zilizotawanyika mno hazipitishi umeme

Mwezi hauishi bila mtu kuniletea kipande cheusi cha epoksi (gundi ya plastiki inayoganda) kilichogoma kupitisha umeme, ilhali kina nanotyubu za kaboni, yaani vijirija vyembamba mno vinavyopitisha umeme, asilimia 0.5 ya ujazo, na nikimuuliza alivyozichanganya hujibu kwa fahari kwamba alizipiga mawimbi ya sauti ya ultrasoniki usiku kucha hadi hakikubaki kibonge. Huko ndiko alikoiharibu kazi yake.

Dhana hiyo, kwamba kadiri nanotyubu zinavyotawanyika ndivyo umeme unavyopita vizuri, imenichosha kuliko zote. Elektroni huhitaji mnyororo wa nanotyubu usiokatika kutoka upande mmoja hadi wa pili, ambamo kila moja inaigusa jirani yake au imeachana nayo kwa nanomita chache tu, kwa kuwa uwezekano wa elektroni kupenya tabaka la polima, yaani plastiki isiyopitisha umeme iliyo kati yao, hushuka kwa kasi kubwa mno kadiri tabaka hilo linavyonenepa. Nanotyubu iliyofunikwa polima pande zote, mbali na wenzake, haina kazi hata ikiwa imekaa mahali pake kwa usawa wa kupendeza. Isitoshe, mawimbi yale hufumua mafungu mwanzoni, kisha huanza kuzivunja nanotyubu zenyewe. Kwa vijiti vyembamba vilivyolala ovyo, kizingiti cha perkolesheni, yaani kiasi kidogo kabisa cha nanotyubu kinachotosha kuunda mnyororo huo, hukaribia kinyume cha uwiano wa urefu kwa kipenyo: uwiano wa 1,000 hudai takriban asilimia 0.1 ya ujazo, na uwiano wa 100 hudai takriban asilimia 1. Mteja wangu aliyeanza na uwiano wa 1,000 alikuwa juu ya kizingiti alipowasha mashine, na alipoizima alikuwa chini yake, bila kupunguza hata chembe ya kaboni. Ushauri wangu, ambao sichoki kuurudia, ni kuzifumua kwa muda mfupi, kisha kuziacha zikusanyike tena kidogo kabla epoksi haijaganda. Kwa kuziacha zijipange hivyo, mwaka 2003 kilichapishwa kizingiti cha asilimia 0.0025 tu ya uzito.

Wapo pia wanaodhani kwamba kuongeza nanotyubu maradufu huongeza upitishaji maradufu. Chini ya kizingiti nyongeza haileti kitu cha maana, penye kizingiti upitishaji huruka mara mamilioni, na juu yake hukua kwa kipeo kinachokaribia 2 cha ziada iliyovuka kizingiti.

Anayetarajia shaba asahau: shaba ina upitishaji wa takriban siemens milioni 58 kwa mita, na mchanganyiko wa kawaida wa aina hii kwa kawaida haufiki hata 1,000, kwa sababu ukinzani mkubwa uko kwenye maungio ya nanotyubu na nanotyubu.

Mwisho ni wale wanaogusisha ncha za multimita (kipimo cha umeme na ukinzani) juu ya kipande kilichotoka kwenye kalibu na kutangaza kwamba ni kihami. Plastiki inapodungwa kwa kasi, nanotyubu za karibu na ukuta hulazwa upande mmoja na kugandishwa hivyo, na juu yake hubaki ngozi ya polima tupu. Kipande kimoja cha namna hiyo nilikikwangua ncha zote mbili kwa msasa, nikapaka rangi yenye chembe za madini ya fedha, inayopitisha umeme, na kusubiri ikauke. Multimita ileile iliyokuwa ikionyesha ukinzani usio na kikomo ikasoma kiloomu chache.