Kulipatia jengo la zamani kazi mpya: maana yake nini?

Fundi akiziba nyufa, akapaka rangi na kubadilisha mabati, amekarabati. Mtaalamu wa mambo ya kale akiurudisha mlango, dari na madirisha kama vilivyokuwa enzi zake, amehifadhi. Dhana ninayoieleza hapa huyahitaji yote mawili, lakini si lolote kati ya hayo. Ni kulichukua jengo ambalo kazi yake imekwisha, iwe kiwanda kilichofungwa, ghala la reli au ofisi ya zamani katikati ya mji, na kulitafutia kazi nyingine itakayolilipia paa lake miaka mingi ijayo. Wataalamu wa mipango miji huiita matumizi mapya ya jengo. Kwetu Tanzania hatua yake ya kwanza kisheria ni ileile inayojulikana na kila aliyewahi kupanga foleni ofisi ya ardhi: kubadilisha matumizi.

Neno la kushika ni kazi. Pale Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, jengo la zamani la mawasiliano ya simu za ng'ambo liliunganishwa na nyumba jirani likawa hoteli mwaka 1997. Wageni wanalala, jengo linakula. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, ni maarufu kuliko jengo lolote mjini humo, lakini umaarufu haushikilii boriti: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, tena wakati mafundi wakiwa kazini kulikarabati.

Niseme kando kidogo kuhusu mafundi, maana hapa ndipo nia njema huharibu mambo. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji kwa kutaka uimara, unyevu hukosa njia, hubaki ndani, na mwisho lipu hubanduka pamoja na vipande vya ukuta wenyewe. Kwa hiyo hata kabla ya kufikiria mpangaji, jengo la zamani linataka mtu anayejua limejengwa kwa vifaa gani.

Sasa tuondoke pwani, twende mji mdogo ambao wahusika wa mambo haya hupenda kuutaja: North Adams, jimbo la Massachusetts, Marekani. Tangu karne ya 19 pale kati ya matawi mawili ya mto Hoosic palikuwa na kiwanda cha kuchapa vitambaa, majengo ya matofali zaidi ya 20 yaliyounganishwa kwa madaraja na nyua. Kiwanda kilipokwisha, mwaka 1942 kampuni ya Sprague Electric iliyanunua, ikatengeneza vifaa vya umeme, na miaka ya 1960 ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 4,000 katika mji wenye watu wasiofika 20,000. Mwaka 1985 ikafunga. Hebu piga picha ya mji ambao karibu kila nyumba ina mtu aliyeamka siku moja hana zamu ya kwenda.

Wakati huohuo, watu wa makumbusho ya chuo cha Williams, kilicho mji wa jirani, walikuwa wakitafuta mahali pa kuweka kazi za sanaa za kisasa zisizoingia kwenye chumba cha kawaida. Meya wa North Adams, John Barrett III, akawaelekeza kwenye kiwanda kitupu. Ukumbi wa kiwanda una sifa ambazo leo ni ghali kuzijenga: sakafu iliyokusudiwa kubeba mashine, dari ndefu, na madirisha makubwa yaliyowekwa kwa sababu zamani mwanga wa kazi ulikuwa wa jua. Toka wazo hilo hadi makumbusho ya MASS MoCA kufunguliwa mwaka 1999 ilipita zaidi ya miaka kumi, na katikati uchumi wa jimbo ulitetereka kiasi cha mradi kutaka kufa.

Kwa nini muda wote huo? Sababu kubwa ni kile ninachokiita pengo. Chukua hesabu ya kubuni. Kufufua ghala lako kunagharimu shilingi bilioni 10, lakini likikamilika, kwa kodi ya pango inayolipika mjini humo, thamani yake ni bilioni 6. Benki hukopesha kwa kuangalia sita. Nne zitoke wapi? Katika mji mkubwa pengo hili mara nyingi hujifunga lenyewe kwa kuwa pango ni ghali. Katika mji mdogo nondo na saruji bei yake haishuki sana, ila pango hushuka, na ndiyo maana majengo mazuri ajabu hubaki matupu wakati kila mtu anakiri ni mazuri. Marekani hujaribu kuziba pengo kwa unafuu wa kodi ya serikali: mwenye jengo la kihistoria la biashara hupunguziwa kodi kwa asilimia 20 ya gharama za ukarabati, mradi kazi ikaguliwe na sura ya jengo isiharibiwe. Ukiyang'oa madirisha ya zamani kwa kutaka alumini, unaweza kuukosa unafuu huo.

Sababu ya pili iko chini ya miguu. Kiwanda huacha madini ya risasi kwenye rangi, asbesto kwenye mabomba, mafuta ardhini. Kapasita nyingi za miaka ile, yaani vifaa vya kutunza umeme kwa muda kama vile vya Sprague, zilijazwa kemikali za sumu ziitwazo PCB, ambazo Marekani ilipiga marufuku kuzitengeneza mwaka 1979. Ardhi ya namna hii, iliyochafuka au inayoshukiwa tu kuchafuka, ina jina lake kwa Kiingereza: brownfield. Angalia neno "kushukiwa". Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1980 mnunuzi angeweza kubebeshwa gharama ya uchafu alioukuta, basi wengi walikimbilia mashamba nje ya mji ambako hakuna historia ya kuogopa. Marekebisho ya mwaka 2002 yalimpa kinga mnunuzi anayechunguza kwanza. Uchunguzi huanza na makaratasi, yaani ramani za zamani, vibali, mahojiano na waliofanya kazi pale, na palipo na shaka ndipo udongo huchimbwa na kupimwa. Usafi unaotakiwa hutegemea kazi mpya: maegesho ya magari yanaweza kufunika udongo kwa lami, shule ya chekechea haiwezi.

Je, North Adams ilifanikiwa? Inategemea unahesabu nini. Ajira 4,000 hazikurudi, na sidhani yeyote aliyezifahamu alitegemea zirudi kupitia makumbusho. Kilichorudi ni watu mitaani na mlango wa kiwanda ulio wazi. Sehemu ya majengo hukodishwa kwa ofisi na biashara, na pango hilo husaidia kuyalisha makumbusho yenyewe. Wala hawakuyafufua yote kwa mpigo. Jengo namba 6, mojawapo ya makubwa, liliachwa kando hadi mwaka 2017, miaka 18 baada ya ufunguzi.