Tambi za mumunye kwa anayepunguza wanga

Tambi za ngano hunywa maji, mumunye hutoa maji. Ukilishika hilo moja, nusu ya kazi umeimaliza. Karibu kila anayeniambia alijaribu kula mboga badala ya spageti akaishia na sahani ya uji wa kijani, ukimuuliza alivyopika utasikia jibu lile lile: aliinjika sufuria ya maji, akatia chumvi, yalipochemka akatumbukiza mboga. Tambi kavu inayahitaji maji hayo kwa sababu yenyewe imekauka. Mumunye linakuja na yake, takriban gramu 95 katika kila gramu 100, na kazi yako jikoni ni kuyatoa.

Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Mombasa, na wengi wanaokuja kuniona wana kisukari cha aina ya pili. Swali la spageti halikosi. Chakula hiki kimeshaingia majumbani mwetu: kinaiva upesi, watoto wanakipenda, na kima ya jana inatosha kukipamba. Ukifika Eastleigh, Nairobi, utaikuta ni chakula cha mchana cha watu wazima, imepikwa Kisomali, na ndizi mbivu kando ya sahani. Kumwambia mtu aifute spageti maishani mwake ni kumtuma akaile kwa siri. Mimi humfundisha kupika kitu kingine kitamu siku nyingi za juma, spageti yenyewe akaiwekea siku yake.

Tuangalie hesabu. Gramu 100 za spageti iliyoiva zina wanga wa takriban gramu 30. Sahani ya mtu mzima aliyeshinda na njaa hufika gramu 250 bila yeye kujua, yaani zaidi ya gramu 75 za wanga kabla hajagusa mkate wala juisi. Kiasi hicho hicho cha mumunye bichi hakifiki gramu 10. Zukini, ile mboga ya kijani inayofanana na tango, ni vivyo hivyo, chini kidogo. Kabichi ina kama gramu 6 kwa kila 100, na zaidi ya 2 kati ya hizo ni nyuzinyuzi. Karoti hupendeza kwa rangi, lakini inakaribia gramu 10, kwa hiyo ichanganye kidogo, usiifanye ndiyo chakula chenyewe. Na nisiionee spageti: haipandishi sukari ya damu kwa kasi kama mkate mweupe, hasa ikipikwa ikabaki na ugumu kidogo. Kinachowaumiza wagonjwa wangu ni ukubwa wa sahani.

Mapishi mengi ya mtandaoni yanasema zukini. Zukini ipo Pwani, na Malindi utaikuta kwa urahisi zaidi, kwa kuwa Wataliano wamekuwa wakija huko tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha kurushia satelaiti Ngomeni, na mikahawa yao ikafuata. Mwenye nayo aitumie, maelezo haya yote yanamfaa. Lakini wengi wetu tutaipata kwa bei ya juu, au tusiipate kabisa, ilhali mumunye limejaa soko la Kongowea na kwa mama mboga wa mtaani, na sisi tunalijua kwa mchuzi wa nazi tu. Ni la ukoo mmoja na zukini, boga na tango. Wajapani wamekuwa wakilikata nyuzi ndefu tangu zamani: hulizungushia kisu likatoka utepe mrefu, wakauanika juani, na utepe huo wakautia ndani ya wali wa kuviringishwa.

Sokoni

Chagua mumunye changa. Bonyeza ganda kwa ukucha: likipenya bila shida, hilo ndilo. Liwe zito mkononi, kijani hafifu kinachong'aa, refu lililonyooka kuliko lenye tumbo, maana lenye tumbo lina moyo mkubwa wa sponji na mbegu, na hapo utakuwa umenunua cha kutupa. Likiwa limekomaa hata ganda linagonga kama ubao, liache.

Ukifika nyumbani, kabla ya jambo lolote, kata kipande chembamba, kionje kibichi, ukiteme. Mumunye zuri halina ladha kubwa, ni kama tango lililopooza. Likiwa chungu, tupa lote. Usilioshe ukajaribu tena, wala usitegemee moto. Uchungu huo ni sumu iitwayo kukurbitasini, kupika hakuiondoi, na huleta matapishi na kuhara kubaya sana. Nchini India, ambako watu hunywa juisi ya mumunye kama dawa, wapo waliokufa kwa juisi chungu, na baraza la taifa la utafiti wa tiba likawaonya wananchi wasiinywe kabisa ikiwa na uchungu. Nalisema kwa uzito kwa sababu tumelelewa kuamini kwamba kichungu ni dawa, na mgonjwa wa kisukari ndiye wa kwanza kuambiwa hivyo. Kwa mumunye na zukini, si kweli.

Kukata na kukamua

Menya ganda. Kata vipande viwili kwa urefu, kwangua moyo wote kwa kijiko mpaka ubaki na nyama nyeupe iliyoshikana. Sasa chukua kile kisu cha kumenyea viazi, kipitishe kwa urefu kutoka ncha hadi ncha, utepe baada ya utepe. Panga tepe tano sita juu ya ubao, uzikate kwa urefu upana wa nusu sentimita. Vipo vyombo vya kuzungusha mpini vinavyotoa nyuzi ndefu za duara, ni vizuri, lakini usichelewe kupika kwa sababu yavyo. Kitu kimoja nakuomba: usitumie tundu ndogo za kikwaruzo cha karoti. Mumunye lililokunwa hivyo halina njia ila kuwa uji.

Zitie nyuzi kwenye chujio, nyunyizia chumvi kijiko kimoja cha chai kwa mumunye la kama kilo moja, changanya kwa vidole, acha kwa dakika 20 hadi 30 juu ya bakuli. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya mboga. Mwanzo nyuzi ni ngumu, ukizikunja zinavunjika. Baada ya muda unaweza kuuzungushia uzi mmoja kidoleni nao ukatii, na kwenye bakuli kumejaa maji. Hapo zisuuze mara moja chini ya bomba, zifunge kwenye kitambaa safi cha jikoni, ukamue kama unavyokamua tui. Usione huruma. Lile rundo litapungua sana, ndiyo maana nasema kilo moja kwa watu wawili au watatu, si kwa familia nzima.

Wagonjwa wengi wa kisukari wana presha pia, na chumvi inawahusu. Sehemu kubwa huondoka na maji ya kukamua na kusuuza, lakini si yote, basi mchuzi utakaomimina juu usiutie chumvi mpaka umeonja vyote viwili pamoja. Aliyekatazwa chumvi kabisa aruke hatua hii: azikaange nyuzi kidogo kidogo, kwa mafungu madogo, kwenye kikaango kilichopata moto barabara, maji yaondoke kwa mvuke. Inachukua muda zaidi, lakini inafanya kazi.

Kikaango kiwe kipana. Moto mkali, mafuta kijiko kimoja cha chakula, punje mbili za thomu zilizopondwa. Tandaza nyuzi, ziache nusu dakika bila kuzigusa, geuza, zisipite dakika mbili au tatu kwa jumla. Usifunike. Mfuniko unaurudisha mvuke ndani, na maji uliyoyahangaikia kwa nusu saa yote yanarudi. Zitoe zikiwa bado zina ugumu kidogo chini ya jino, kwa sababu zitaendelea kuiva zikikutana na mchuzi wa moto.

Mchuzi nao uwe umekauka kuliko ulivyozoea. Spageti ya ngano hufyonza rojo jepesi, mumunye halifyonzi chochote. Kwa kima: nusu kilo, kitunguu kimoja, thomu, tangawizi, tungule nne zilizoiva, bizari nyembamba kidogo, pilipili manga. Kaanga kima kwanza mpaka ibadilike rangi na ianze kulia kwenye mafuta, kisha tungule, kisha acha moto wa wastani ufanye kazi yake bila kuongeza maji. Pitisha mwiko chini ya sufuria. Ile njia ikifunikwa mara moja na rojo, bado. Ikikaa wazi, ukaiona sufuria, kisha ikajifunga polepole, tayari. Kotmiri na ndimu mwishoni. Kwa kamba wa nazi ni hivyo hivyo, tumia tui zito peke yake, lichemke taratibu mpaka mafuta yaanze kuonekana pembeni, kamba waingie mwisho kwa dakika chache tu wasije wakawa mpira.

Pakua nyuzi, mimina mchuzi juu, kula papo hapo. Hiki si chakula cha kumsubiri mtu aliye njiani.

Bi mkubwa mmoja aliyekuja na binti yake alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, hiyo si tambi. Hiyo ni mboga iliyokatwa vizuri." Nikamjibu, "Ni kweli, mama, na uipike kama mboga." Anayekaa mezani akisubiri ladha ya ngano atasikitika. Anayesubiri mumunye laini lililobeba kima iliyokolea atafurahi. Kwenye nyumba yenye watoto napendekeza njia ya katikati: chemsha spageti nusu ya kiasi cha kawaida, ichuje, ichanganye na nyuzi za mumunye zilizokaangwa. Wanga unapungua karibu nusu, sahani inabaki imejaa, na hakuna anayepikiwa chakula cha peke yake kama mgonjwa.

Kabichi ndiyo chaguo la siku zenye haraka. Haihitaji kukamuliwa. Toa ule mshipa mnene wa katikati ya jani, viringisha majani, kata tepe za upana wa kidole, kaanga kwa moto wa wastani mpaka kingo zigeuke kahawia. Inastahimili mchuzi mzito kuliko mumunye, na bei yake kila mtu anaimudu. Biringanya nalo, likikatwa kwa urefu vipande vya nusu sentimita na kuokwa au kukaangwa kwa mafuta machache, linafaa kupangwa matabaka na kima badala ya zile tambi pana za kuoka. Tambi za sukari na nazi za Ramadhani sizigusi: hapo hakuna mboga inayofaa, na ni bora kula vijiko vitatu vya zenyewe ukazionea ladha.

Shibe, na dawa

Mumunye lina nguvu kidogo mno, kama kalori 14 kwa gramu 100. Ukila sahani nzima yenye mchuzi wa tungule mtupu, saa moja baadaye utakuwa unatafuta mahamri, na faida yote imepotea. Shibe itoke kwenye kima, samaki, kamba, mayai au dengu, pamoja na mafuta ya kiasi. Dengu zina wanga wake, uhesabu, lakini zina nyuzinyuzi na protini, na humshikilia mtu mpaka jioni.

La dawa ni zito zaidi. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi na gliklazidi, asipunguze wanga kwa ghafla bila kuzungumza na daktari wake. Dawa hizo hushusha sukari hata kama chakula hakikuja na wanga wa kutosha, na kipimo ulichoandikiwa kilipangwa kwa sahani yako ya zamani. Ukitetemeka, ukatokwa na jasho baridi, moyo ukaenda mbio, ukapatwa na njaa ya ghafla, pima sukari ya damu. Mashine ikisoma chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe hapo hapo, upime tena baada ya dakika 15. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kuleta hali hiyo, hata hivyo mjulishe daktari kwamba umebadilisha chakula, maana huenda dawa ikahitaji kupunguzwa, na hiyo ni habari njema.

Kwa wanaofanya kazi mchana kutwa: mchuzi wa kima unakubali kugandishwa kwenye friza, upike mwingi siku ya mapumziko. Nyuzi za mumunye hazikubali, zikiyeyuka zinabaki nyuzinyuzi tupu na maji. Zikate jana yake, usizitie chumvi, zitandike kwenye chombo chenye kitambaa kikavu chini, ufunike na uweke kwenye friji, zitakaa vizuri mpaka kesho jioni. Ukirudi kazini, tia chumvi, nenda kaoge na kuvua uchovu, ukitoka zitakuwa tayari kukamuliwa.