Emajensi: Uende Wakati Gani, na Ukifika Useme Nini?

Nitajuaje hii ni ya kukimbia nayo sasa hivi na sio ya kusubiri asubuhi?

Usianze kutafuta jina la ugonjwa, hiyo kazi waachie madaktari. We angalia anapumua vipi, anajielewa au hajielewi, damu inakata au haikati. Mtu anahema mpaka hawezi kumaliza sentensi, amezimia, kifua kinambana na jasho linamtoka huku maumivu yanapanda taya au mkono, degedege imepita dakika 5, mjamzito anatoka damu au kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, hao wote ni sasa hivi. Na kichanga cha chini ya miezi 3 joto likifika 38, hata kama ananyonya vizuri tu, mpeleke.

Baba mdomo umeenda upande ghafla, ila anasema akilala itapita.

Asilale jamani! Mwambie atabasamu, anyanyue mikono yote miwili, aseme sentensi fupi. Upande mmoja ukigoma au maneno yakikorogeka, hesabu ni kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena mpaka apigwe CT skani (picha ya ndani ya kichwa) kwanza waone kama sio mshipa uliopasuka, ndo maana watakuuliza mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi. Sio saa uliyomkuta, ni saa ya mwisho kuonekana yuko sawa, iandike kwenye simu. Usimpe maji, chakula wala kidonge chochote, hata aspirini, anaweza kupaliwa. Na dalili zikipotea zenyewe bado mnaenda.

Tusubiri ambulensi au tutumie gari letu?

Ambulensi ikipatikana haraka ndo bora, anahudumiwa njiani. Isipopatikana, gari lolote, ila mwenye maumivu ya kifua asiendeshe mwenyewe. Anayetoka damu mkandamize kwa kitambaa safi, na usiwe unafunua funua kuchungulia. Aliyekunywa sumu usimtapishe, beba kopo lake.

Mbona sisi tumewahi halafu wanaingizwa waliotukuta?

Inaudhi, najua, lakini pale hawaangalii nani kawahi, nesi anapima presha, mapigo na oksijeni, aliye hatarini zaidi anatangulia. Ila mkiwa mmekaa ukaona hali inabadilika, inuka ukamwambie tena, bora uonekane msumbufu.

Na ukiulizwa usiseme tu "anaumwa sana", kila aliyekaa pale anaumwa sana. Sema "ameanza kutapika saa 2 usiku, mara 6 mpaka sasa, hajakojoa tangu mchana, penisilini inamdhuru". Dawa zake zote njoo nazo na maboksi yake, maana ukisema anameza "kile kidonge cheupe kidogo", vidonge vyeupe vidogo viko vingi mno.