Unga Unaishia Njiani: Dhana Potofu Kuhusu Fida za Maji ya Kina

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa kwetu aliingia dukani, akanipa shikamoo, kisha akasema maneno niliyoyasikia mwaka huu hadi yamenichosha: "Mzee, naenda kwenye shimo la kokoto, maji mita 8, natupa mita 50. Nipe fida za waya, zile nzito kabisa." Fida ni kichombo kidogo kinachofungwa kwenye mshipi: unakijaza unga wa kuvutia samaki, unakitupa, kinaushusha karibu na ndoano. Na shimo la kokoto ni ziwa lililobaki palipochimbwa kokoto. Nikamwambia atue mkoba kwanza. Nyuma ya duka nina bomba la plastiki linaloonyesha ndani, urefu wake mita moja na nusu, limejaa maji. Nikamwachia ajaze mwenyewe fida ya waya, kwa unga wake na mkono wake, nikaitumbukiza. Ilipogusa maji tu, wingu la unga likafumuka pande zote. Ilipotua chini, nusu ya matundu yalikuwa wazi. Hiyo ni mita moja na nusu. Yeye alikuwa anazungumzia 8.

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote: kwamba fida ni fida tu, ukishaijaza unga utafika chini. Hautafika. Fida ya waya imetengenezwa imwage. Maji yanaingia kila tundu, na kadiri inavyozama kwa kasi ndivyo yanavyousukuma unga nje. Kwenye mita 2 hilo ndilo unalolitaka, kwa sababu wingu linashuka karibu na ndoano na samaki wanaliona. Kwenye mita 8 unachora mstari wa vumbi kutoka juu hadi chini, upepo ukisukuma maji unaupeleka pembeni, na kinachobaki kwenye fida inapotua hakitoshi kumsimamisha samaki mmoja, sembuse kundi.

Tena fikiria unamtafuta nani. Brimu (bream), samaki wa maji baridi wa Ulaya, ni samaki wa chini. Anakula ameinamisha kichwa, anafyonza tope, anatembea na wenzake. Ukitaka kundi lisimame mahali pamoja kwa saa tatu, chakula lazima kiwe pale pale chini. Wanaofurahia unga wa juu ni rochi wadogo (roach), samaki wengine wa maziwa hayo. Ndipo mtu ananijia analalamika: ncha ya fimbo inatikisika kutwa, kila akivuta hakuna kitu, samaki wa ziwa lile ni wajanja. Ndugu yangu, si wajanja. Wamepanda katikati ya maji kufuata unga wako, wanagusa mshipi kwa mapezi, na ndoano iko mita 4 chini yao. Umewafundisha wewe mwenyewe kupanda.

Dawa yake ni fida ya dirisha. Ni kikopo cha plastiki chenye uwazi upande mmoja na uzito wa risasi kichwani. Ninaijaza hivi: mabuu na mahindi kidogo ndani, kisha unga wenye unyevu juu yake, nabana kwa kidole gumba mpaka dirisha lizibe sawasawa. Inaruka bila kumwaga, inazama bila kumwaga, na unga ukishalowa huko chini unaachia. Ukihesabu dakika chache kisha ukavuta mshipi kidogo, kilichobaki kinatoka, na chambo chako kinalala juu yake. Kwenye maji ya zaidi ya mita 5 sitoki nyumbani bila fida hizi, na wateja wangu wameshazoea kunisikia nikilirudia hilo.

Kama huna nyingine ila ya waya, basi shughulikia unga. Ulowanishe, uache dakika 20 unywe maji, uchekeche, ulowanishe tena. Chagua fida yenye matundu madogo. Kabla hujatupa mara ya kwanza, dondosha donge moja kwenye ndoo ya maji pale ukingoni: likivunjika kabla ya kufika chini, anza upya. Watu wanaona uvivu kufanya jaribio la nusu dakika, halafu wanakaa saa sita bila samaki.

Na uzito? "Maji ya kina yanataka fida nzito." Hapana. Kwenye maji yaliyotulia gramu 30 zinafika chini kama zinavyofika gramu 60, ni suala la kusubiri kidogo. Anayetaka uzito ni mkondo. Wazee wetu wa mshipi kule pwani wanalijua hili bila kufundishwa na mtu: siku za bamvua, mkondo ukiwa mkali, wanafunga chubwi kubwa, maji mafu, mkondo ukilala, wanafunga dogo, pahali ni pale pale na kina ni kile kile. Ukija Uholanzi kuvua kwenye mfereji wa Amsterdam-Rijnkanaal, kilomita 72 za maji yanayosukumwa huku na huku na meli za mizigo, hapo ndipo utanikuta nikifunga gramu 100 zenye vijino vya kushika chini. Kwenye shimo la kokoto la Uingereza, za nini?

Wengine wanataka uzito ili ifike mbali. Chukua mizani ya jikoni. Fida iliyoandikwa gramu 40, ukiipakia unga, inaweza kupita 70, na fimbo inabeba jumla, haibebi maandishi. Fimbo iliyozidiwa haijikunji ikakunjuka vizuri, inalegea tu, na mtupo unakufa. Umbali unaletwa na umbo: risasi iwe mbele, mwili uwe mwembamba, mshipi ufungwe nyuma, ili fida iruke kama mshale badala ya kupinduka hewani. Nimeona fida ya gramu 30 ya umbo hilo ikiipita ya waya ya gramu 50 kwenye mkono wa mtu yule yule. Halafu mbele ya mshipi mwembamba wa kusuka funga mita 8 au 9 za mshipi mnene, uzunguke rili mara kadhaa kabla ya kutupa. Bila hiyo, siku moja utakatika na fida itaruka peke yake, na mbele yako anaweza kuwa ameketi mtoto wa mtu.

"Klipu ya rili haifai kwenye kina, inarudisha fida karibu." Klipu ni kile kishikio cha kwenye rili kinachouzuia mshipi usitoke kupita urefu uliouchagua. Pigeni hesabu ya pembetatu mliyofundishwa shuleni. Mshipi mita 50, kina mita 10: fida inatua kwenye mita 49. Imepungua mita moja, na inapungua hiyo hiyo kila mtupo, kwa hiyo unga wote unaangukia pamoja. Anayepaswa kuogopa ni anayetupa mita 20 kwenye kina hicho, maana yeye anapoteza karibu 3.

Kuhusu fida bapa, ile inayokandwa unga kwa kibati cha kuukandamizia: inafaa madimbwi ya samaki aitwaye kapu (carp), yenye maji ya mita moja au mbili. Ukitupa mbali kwenye kina, unga uko wazi, unabanduka ukipiga maji na unaendelea kubanduka ukishuka. Ukiing'ang'ania, nunua yenye kuta pembeni na ukande unga unaonata.